Picha za Mtu wa Nyumbani

Ujumbe wa studio uliingia asubuhi, nikiwa nafumua mshono wa suruali ya mteja aliyenenepa ghafla, na kabla sijamaliza kuusoma nilikuwa nimeshafumua mpaka mshono usiohusika. Si kwa vitisho vilivyokuwemo. Vitisho mtu huvizoea. Ni kwa sababu ulitoka studio ile, na studio ile ndimo alimofanya kazi mtu ambaye mwaka mzima nilikuwa najifunza kutomtaja.

Ujumbe ulisema, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, kwamba tovuti ya duka letu la ushonaji inatumia picha zenye hakimiliki bila idhini ya mwenyewe na bila kumtaja aliyezipiga. Tulipewa kuchagua: jina la studio liandikwe chini ya kila picha, au picha zote ziondolewe. Vinginevyo wangeitafuta haki yao kwa njia nyingine. Mwishoni alikuwa ametia sahihi bosi wa studio, ambaye ni kaka mkubwa wa mtu huyo. Jina la huyo mdogo halikuwemo. Nililitafuta, nisiseme uongo, kisha nikarudi juu nikalitafuta tena.

Picha zenyewe ni za mama. Mama kwenye cherehani yake, mama na pini mdomoni, mama amepiga magoti akipima pindo la bibi harusi, mama anacheka kichwa kimelala upande. Zilipigwa miezi yake ya mwisho, wakati ugonjwa umeshamla mwili lakini haujaigusa mikono. Hatuna nyingine za maana. Katika picha zetu za zamani mama yuko nyuma ya watu, amezibwa na bega la fulani, maana siku zote ndiye aliyekuwa akiwarekebisha wengine nguo mpaka mpiga picha anabonyeza.

Nilimsomea baba. Alisikiliza bila kuacha kukata kitambaa, na baba akiwa na hasira hukata vizuri zaidi.

"Picha za nani hizo wanazodai?" aliuliza.

"Za mama."

"Mama yako ni nani wao?"

Nikamwambia si suala la undugu, ni suala la hakimiliki. Akaweka mkasi mezani.

"Mteja akileta kitambaa chake hapa, mimi nikakishona, nguo ni ya nani?"

"Ya mteja, baba."

"Basi. Sura ni ya mke wangu, duka ni langu, hata mwanga uliingia kwa dirisha langu. Yule kijana alileta nini? Kidole cha kubonyezea."

Shangazi, dada yake baba, anayetushonea vifungo na kutushonea maneno pia, aliunga mkono kutoka kwenye kiti chake. Akasema ndiyo maana yeye hapigwi picha ovyo, mtu anaweza kukuuza ukiwa hai. Nilitoka nje nikampigia simu wakili mmoja tunayemshonea suti. Alinieleza kwa upole kwamba picha si nguo. Kwa kawaida picha ni mali ya aliyeipiga, sura iwe ya nani, ila kama alikuwa ameajiriwa kuipiga, hapo inaweza kuwa ya mwajiri. Akaniambia kabla ya kubishana na studio niulize mambo mawili: kamera ilikuwa ya nani, na siku ilikuwa ya nani.

Nilirudi ndani nikamwambia baba kwamba huenda tuna makosa. Akasema waje wayaseme mbele yake. Nikaujibu ujumbe, nikawaalika alasiri ileile. Moyo wangu uliruka nilipobonyeza kutuma, na niliukaripia palepale.

Niseme wazi tulivyofika hapo. Huyo mtu nisiyemtaja alikuja mara ya kwanza kwa kazi ya studio, kupiga picha magauni yetu kwenye sanamu za dukani. Akamaliza, akalipwa, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi bila kuitwa, akamwomba mama ruhusa ya kumpiga yeye akiwa kazini, kwa sababu, alisema, gauni halijishoni. Mama alimpenda kabla yangu. Mimi nilichelewa kidogo, kama siku mbili hivi. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayetazama kitu mpaka mwisho, na akikutazama wewe unajikuta umenyoosha mgongo. Mama alipofariki alibeba viti vya msiba kama mmoja wetu. Baadaye wazee wake walikuja kuniposa, na baba akawarudisha wangali na chai vikombeni. Alisema hawezi kumpa binti yake mtu ambaye kila Jumamosi yuko kwenye harusi za wenzake. Sababu gani hiyo? Nililia, nikasusa kula, kisha nikamwona baba usiku anakunja nguo za mama na kuzikunjua tena, nikaona siwezi kumwacha mtu huyu peke yake. Nikaacha kupokea simu za mpenzi wangu. Hajawahi kunitukana kwa hilo, na ningefurahi kama angenitukana.

Tovuti tuliitengeneza baada ya hapo. Baba mwenyewe ndiye aliyezichagua picha za mama, kutoka kwenye zile alizoniachia mpenzi wangu. Nilipomuuliza tuandike nani kazipiga, alikunja uso.

"Andika mtu wa nyumbani. Yatosha."

Baba aliyasema maneno hayo kwa kubana, ili jina la watu lisitie mguu dukani kwake. Mimi niliyaandika kwa mapenzi. *Picha: mtu wa nyumbani.* Usiku mwingine nilikuwa nafungua tovuti ya duka letu, siangalii nguo, nasoma hayo tu.

Walifika alasiri, kaka mbele, yeye nyuma. Alikuwa amekonda. Kola ya shati lake ilikuwa imeanza kulika ukingoni, na mimi, badala ya kuwaza hakimiliki, nikawa nawaza jinsi ya kuifumua na kuigeuza upande mzima uje juu. Alinitazama mara moja, akahamisha macho kwenye meza ya kukatia. Mara hiyo moja ilinitosha kusahau niliko.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba," baba alijibu, akiwa anamtazama kaka mtu.

Nilipanga viti. Shangazi alijifanya anatafuta vifungo vinavyofanana, kazi ambayo ingemweka pale hadi jioni. Kaka mtu alianza, na sitamsingizia, alisema kwa adabu. Alieleza kwamba wao hawana bidhaa ya kuweka rafuni, wana jina tu. Mtu akiona picha nzuri asijue imetoka wapi, kwao ni sawa na haikupigwa. Wateja wawili wamemwonyesha picha za mama kwenye simu zao wakimwambia wanataka mtu anayepiga namna hii, wasijue wanamwambia mwenyewe. Angefurahi, alisema, jina la studio likikaa chini ya picha, na mambo yaishe kirafiki.

"Jina la studio yako halitakaa chini ya uso wa mke wangu," alisema baba. "Yeye si tangazo."

"Mzee, picha ziko kwenye tovuti ya biashara. Tayari ni tangazo. La kwako."

Shangazi aliguna. Niliona shingo ya baba inavimba, nikaingilia kabla hajasema neno tusiloweza kulifuta. Nilimgeukia yule ambaye tangu aingie alikuwa hajafungua mdomo.

"Kamera ilikuwa ya nani?" nilimuuliza. Sauti yangu ilitoka kavu, ya ofisini, nami nikaichukia.

"Yangu."

"Na siku?"

"Siku yangu ya kupumzika. Kila wiki."

Kaka yake aligeuka polepole. "Wewe uliniambia unakwenda kulala."

"Nilikuwa nachoka, kaka. Lakini nilikuwa nakuja hapa."

Hapakuwa na haja ya wakili kumalizia. Picha hazikuwa za studio. Zilikuwa zake peke yake, na yule mtu mzima aliyekuja kumtetea mdogo wake alikuwa amevuliwa nguo mbele yetu na huyohuyo mdogo. Nilimwonea huruma. Alisimama, akamwomba baba radhi kwa usumbufu, akamwambia ndugu yake atamkuta kwenye gari. Mlangoni akageuka akasema kwamba mwaka mzima mtu huyu akitumwa harusini hapigi picha za watu, anapiga za viti vitupu. Kisha akatoka.



"Basi ni zako," baba alisema. "Sema unachotaka, ukafanye kazi zako."

Yeye alikuwa ametoa simu yake, ameifungua tovuti yetu. Aliiweka mezani mbele ya baba, kidole chini ya maandishi.

"Mzee, haya maneno ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulikuwa na maana gani?"

"Sikuwa na maana. Mtu wa nyumbani ni mtu yeyote tu aliyekuwepo."

"Kwetu mtu wa nyumbani si mtu yeyote." Alisema taratibu, kama mtu aliyelirudia neno njia nzima. "Sitaki jina langu liandikwe. Sitaki malipo, sitaki kitu. Nataka neno hili liwe kweli au litoke. Kama mimi ni mtu wa nyumbani, picha zikae hapo daima na sitazidai. Kama siye, basi niziondoe zote leo, maana zimesimama juu ya uongo."

Alinitazama alipomaliza. Najua alitarajia nini. Alitarajia macho yangu yamshike mkono, na kweli, nusu yangu ilikuwa imeshamkimbilia. Mwaka mzima nilitamani mtu asimame mbele ya baba aseme hivyo. Lakini nusu ya pili ilikuwa imeshikwa na hasira ambayo sikuijua inatoka wapi mpaka ilipofika mdomoni.

"Na mimi je?" nilisema.

Wote wawili wakanigeukia kana kwamba cherehani imesema.

"Kifungo," baba alianza. Ndilo jina langu la nyumbani, tangu nikiwa mchanga nilipomeza kifungo cha koti la watu.

"Subiri, baba. Nimekuelewa wewe, nimemwelewa na yeye. Wewe unataka picha, humtaki mwenyewe. Yeye ananitaka mimi, basi ameshika picha za mama yangu abadilishane nazo apewe mimi. Mimi si jina la kuandikwa chini ya picha. Na mama si kitu cha kuniposea."

"Sikukusudia hivyo," alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ndivyo ulivyosema. Akikataa utamnyang'anya mama, akikubali atakuwa amekubali kwa kuogopa kumpoteza tena. Niolewe hivyo? Kila siku nikimwona baba anazitazama nijue ndizo zilizoniozesha?"

Nilikwenda kwenye kompyuta iliyo pembeni ya rafu ya nyuzi, nikaifungua tovuti kwa upande wetu wa ndani. Nilianza kuziondoa. Mama na pini mdomoni, ikatoka. Mama na pindo la bibi harusi, ikatoka. Baba alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akakaa tena. Shangazi alisema jina la mama kwa sauti ndogo. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa naona vizuri, na nilifika mpaka ya mwisho, ile anayocheka. Nikaibakiza kwenye kioo, kidole kiko juu ya kitufe.

"Hii ikitoka," nilisema, "hakuna mwenye kitu cha kumtishia mwenziwe. Mtasema mnayotaka kusema mikono mitupu."

"Zote ni zako," alisema yeye. Alikuwa amesimama. "Kosa ni langu. Chukua zote, ziandike unavyotaka, hata kama mzee atanifukuza sasa hivi. Nilikosa la kushika mkononi, nikashika hizo. Mama yako alinifungulia mlango, sikupaswa kumfanya ufunguo."

Hapo ndipo niliposikia kiti cha baba kinasukumwa nyuma. Alikuja mpaka kwenye kompyuta, akasimama nyuma yangu, akaitazama ile picha. Alikaa nayo muda mrefu.

"Iondoe na hiyo," alisema. "Hiyo hasa."

"Kwa nini hiyo hasa, baba?"

Sikuwahi kumsikia baba akisema kwa sauti ile. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba.

"Miezi ile yote mimi nilimlisha, usiku nilimgeuza kitandani, nilimwogesha. Kwangu alikuwa analia maumivu. Akaja huyu na kamera yake, mama yako akamchekea. Kila mteja anayeingia hapa ananiambia, mkeo alikuwa na kicheko kizuri. Mimi sikukipata hicho kicheko. Alikipata huyu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Niliposema habari za harusi za Jumamosi nilikuwa nasema tu. Nisingeweza kuketi naye meza moja maisha yangu yote."

Shangazi alikuwa ameinamia kopo la vifungo, mabega yanamtikisika. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi na wivu ule chini ya paa moja nikauita ukaidi.

Mpenzi wangu alisogea polepole. Akasimama upande wa pili wa kiti changu, kiasi kwamba niliisikia harufu ya sabuni yake, akanyoosha kidole kwenye kioo bila kukigusa.

"Mzee, naomba umtazame macho."

"Namwona."

"Hanitazami mimi. Kamera ilikuwa hapa, usawa wa shavu lake. Macho yake yamepita juu ya bega langu. Yanatazama nyuma."

Baba aliinama. Nami niliinama. Picha ile nilikuwa nimeitazama mara nyingi, nikiamini mama ananitazama mimi, na sasa niliona kwamba kweli hakuwa akinitazama mimi wala mtu yeyote wa mbele. Alikuwa akitazama mbali kidogo, na juu kidogo, kwa mtu mrefu.

"Nyuma kulikuwa na nani?" baba aliuliza.

"Wewe, mzee. Ulikuwa umetoka kuleta dawa, ukasimama nyuma yangu. Ukadhani na wewe umo kwenye picha, ukavuta tumbo ndani. Nilitupa jicho nyuma, nikakuona umebana pumzi. Mama akakuona." Akashusha sauti. "Aliniambia kwa kunong'ona, 'Mwambie yule bwana harusi apumue.' Kisha akacheka. Mimi nilibonyeza tu."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake.

Baba alishika ukingo wa meza, kisha akaona hautoshi, akamshika yule kijana mkono, juu kidogo ya kiwiko, kwa nguvu ya mtu anayezama. Mpenzi wangu alisimama imara, akabeba uzito wote aliopewa.

"Alisema hivyo?" baba aliuliza.

"Alisema hivyo, mzee."

"Bwana harusi."

"Ndivyo alivyokuita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza kitu, mzee. Ulinipa mkono siku ya msiba, na siku ya wazee hukunitazama."

Baba alitikisa kichwa polepole, akakubali. Kisha akauliza, na sauti ilikuwa imempasuka katikati:

"Nilikuwa nimesimama wapi?"

Yule niliyempenda alimwongoza, mkono kwa mkono, wakizunguka meza ya kukatia, mpaka karibu na dirisha. Akamgeuza mabega kidogo, kama alivyozoea kuwapanga watu harusini, akarudi nyuma hatua.

"Hapo."

Baba alisimama pale. Mbele yake kulikuwa na cherehani ya mama na kiti chake, ambacho hakuna aliyekikalia tangu aondoke. Alikitazama kwa muda ambao sikuuhesabu. Machozi yalimteremka hadi kwenye ndevu bila yeye kuyazuia, na nilimsikia akivuta pumzi ndefu, akaitoa yote.

Niliziacha picha zile zilizotoka zibaki zimetoka. Siku nyingine tungezirudisha kwa idhini, kwa jina, kwa utaratibu wote aliotufundisha wakili. Ile moja niliiacha ilipo. Mpenzi wangu alikuwa ananitazama ng'ambo ya meza, na safari hii hakuhamisha macho, wala mimi. Macho yake yalikuwa yananiomba msamaha, yangu nayo yalikuwa yameshachelewa kuukataa.

"Wazee wako bado wanaweza kutembea?" baba aliuliza bila kugeuka.

"Wanaweza, mzee."

"Safari ile niliwarudisha na chai vikombeni. Ni aibu yangu." Akageuka, lakini hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, macho mekundu, mtu mzima aliyesimama mahali alipopendwa. "Safari ile sikukuuliza, mwanangu. Leo nakuuliza wewe. Warudi?"

Nilitaka kusema mengi. Nikapata neno moja tu.

"Warudi."